Herufi Moja Katika Damu

Aliyesoma chuoni anajua: ukitamka qafu sawasawa umesema moyo, ukiteleza ikawa kafu umesema mbwa. Herufi moja!

Ndugu wasomaji, damu nayo ina herufi zake. Wekundu wake watokana na hemoglobini, ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Hemoglobini ni nyuzi nne, mbili za alfa na mbili za beta, na kila uzi wa beta umetungwa asidi amino 146 kama shanga. Ushanga wa sita ni asidi ya glutamiki, ipendayo maji. Kwa mgonjwa wa selimundu, mahali pake pamekaa valini, iyakimbiayo maji. Basi hemoglobini ikishatoa oksijeni yake, valini hiyo hung'ang'ania hemoglobini ya jirani, na hiyo nayo nyingine, mpaka zinakuwa kamba ngumu ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa laini hujipinda kama mundu na kukwama katika vijishipa, na mtoto akalia mifupa usiku kucha. Vernon Ingram wa Cambridge aliubainisha ushanga huo mwaka 1957. Na pale pale pakikaa lisini badala ya valini, maradhi huwa mepesi zaidi.

Mtoto hawi mgonjwa mpaka arithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama. Aliyerithi upande mmoja ni mzima, pengine azeeke bila kujua. Wala asidhani ana laana: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa watu hao wana kinga ya malaria kali, ndiyo maana huku pwani ni wengi kuliko nyanda za juu. Lakini wawili kama hao wakioana, kila mimba ina hatari ya moja kwa nne. Na sisi tuozanao mabinamu twaizidisha hatari hiyo, kwani damu ya babu mmoja yarudi kwa njia mbili. Kipimo ni damu kidogo tu.

Mtaani kwetu mama mmoja alizika watoto wawili kwa maradhi haya. Mawifi wakasema ana jini alaye watoto, akaachwa. Mume akaposa binti wa ami yake. Wazee waliuliza mahari, nyumba na nasaba. Damu ya bwana harusi hawakuiuliza, wala ya binti.