Scooby-Doo na mizimu ya Mengo



Sisi tuliokulia Mengo, pale Kampala, karibu na ukuta wa Lubiri, usiku tuliuogopa sana. Wakubwa walisema humo ndani kuna handaki walimouawa watu wakati wa Idi Amin, miaka ya 1970. Na hiyo si hadithi, ni kweli. Basi upepo ukivuma tu, tunasikia mizimu.

Kwa jirani kulikuwa na tivii ndogo. Tulijazana sakafuni kutazama Scooby-Doo, katuni ya Marekani iliyoanza 1969. Mbwa mkubwa vile, lakini mwoga kuliko sisi! Tulicheka, mama zetu nao wakacheka. Karibu kila mara mwisho ni ule ule: mzimu unavuliwa kinyago, kumbe ni mtu, anatafuta mali. Tukaelewa kwamba hata kule Lubiri waliofanya yale walikuwa watu.

Hapa kambini watoto wetu wa darasani wengine wanaogopa giza kwa sababu ya mambo waliyoyaona kwa macho. Hao hatuwaambii "hakuna kitu". Tunakaa nao, tunawauliza taratibu: uliona nini? Mtoto akisema, woga unapungua kidogo. Wazazi, na nyie jaribuni jioni, kabla ya kuzima taa.