Kupiga msuli bila msuli

Nimerudi mjini kutoka Goweko kwa wajomba, pale stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Nilimkuta mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana balaa. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, mada yake ya utafiti imekataliwa mara mbili, na Jumatatu ndiyo mwisho. Siku tatu habanduki mezani. Akaniambia, "Kaka, labda mimi siyo wa chuo."

Yalinichoma. Hata mimi niliwahi kuyasema hayo.

Chuoni kusoma sana tunaita kupiga msuli. Ajabu, msuli wenyewe hatuutumii, tunakaa tu! Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yaliyohusu watu 176, wengi wao wanafunzi. Walipotembea, ubunifu wao ulipanda kwa wastani wa asilimia 60. Hata waliotembea juu ya mashine chumbani, wakitazama ukuta mtupu, walifaidika. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukuwasaidia.

Basi nikamtoa, tukafuatana na mjomba kwenye mizinga yake ya nyuki. Saa nzima kwa miguu porini, katika nchi ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliikata hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Mwanzoni alinuna. Tulipovuka reli akaanza maswali: Mjomba, bei ya asali anapanga nani? Mbona vijana hawarithi mizinga? Miti ikikatwa, nyuki wanahamia wapi?

"Taratibu mjomba," mzee akacheka, "nijibu lipi kwanza?"

Tulirudi ana mada tatu, anazirudiarudia mdomoni zisimpotee.

Usiku akakaa. Hapo kiti kilikuwa na kazi yake: kuchagua moja na kuiandika ieleweke. Jumatatu aliituma, majibu bado. Sisemi matembezi ya siku moja ni ushahidi, wala kwamba kutembea kunafaulisha mitihani. Ila yale maneno ya "siyo wa chuo" sijayasikia tena.

Wadau mlioko vyuoni, mara ya mwisho kutembea bila kuwahi kipindi wala daladala ilikuwa lini?