Mahindi ni yaleyale, chekeche ndilo limebadilika

Najua nimekuwa kimya kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa napigana na Java, na vita vyenyewe nilivianzisha mimi.

Kwa wageni: mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Kakamega, naishi Lurambi. Digrii ya sayansi ya kompyuta ninayo, kwa hiyo haya yaliyonipata siwezi kusingizia kutosoma.

Iko hivi. Kuna kituo cha afya nje kidogo ya mji, sitakitaja, ambacho huweka rekodi za wagonjwa kwenye OpenMRS. Hii ni programu huria ambayo sisi wa upande huu wa Kenya tuna haki ya kujivunia. Wazo lake lilianza mwaka 2004, baada ya madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana, Marekani, kufika Eldoret na kuona jinsi mradi wa AMPATH ulivyolemewa na rekodi za wagonjwa wa UKIMWI. Ilianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006. KenyaEMR, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye vituo vya afya, imejengwa juu yake.

OpenMRS huongezewa kazi kwa kuwekewa moduli. Mimi natunza moduli moja ndogo tu: inatoa orodha ya wagonjwa waliokosa kuja siku yao ya kliniki, ili wahudumu wa afya wa jamii wawafuate nyumbani. Kila Jumatatu asubuhi mama wa rekodi huichapisha na kuwagawia.

Ijumaa moja aliniomba niongeze safu ya jina la kijiji. Kazi ya nusu saa. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimefuta laptopu yangu yote, nikatoka Ubuntu 20.04 na kuweka Ubuntu 24.04. Msimbo wangu ulikuwa salama. Zana za kuujengea ndizo zilizokuwa zimebadilika, na sikulifikiria hilo hata kidogo.

Wa kwanza kunigomea alikuwa Maven. Huyu ndiye anayesoma faili ya pom.xml, analeta maktaba zinazohitajika kutoka mtandaoni, anaita kompaila, kisha anafunga kila kitu kiwe kifurushi kimoja. Zamani nilikuwa na Maven 3.6.3, sasa nina 3.8.7. Kuanzia toleo 3.8.1 la mwaka 2021, Maven hukataa kuchukua maktaba kwenye anwani inayoanza na http tupu, kwa sababu mtu aliye katikati ya njia anaweza kukubadilishia mzigo. Faili yangu ya miaka mingi ilikuwa na anwani kama hiyo. Nikaongeza herufi moja, s, tukaendelea.

Wa pili alikuwa kompaila. Faili ilisema msimbo ni wa Java 6. Kompaila ya Java 21 ikajibu kwamba 6 haiungi mkono tena, nitumie 8 au zaidi. Ilikuwa saa tano usiku. Nikajiambia, kwa nini niwe bahili? Nikaandika 21. Majaribio yakaanguka, maana zana zangu za majaribio ni za zamani na hazikuijua Java 21. Nikamwamuru Maven aruke majaribio. Kifurushi kikatoka, nikalala usingizi mzuri.

Jumatatu nikapanda boda na fleshi mfukoni. Nikaondoa moduli ya zamani kwenye seva, nikaweka mpya, nikawasha. Haikuwaka. Seva ilisema faili zangu ni za toleo 65.0, na yenyewe inatambua hadi 52.0 tu. Ukizijua namba hizi huhitaji maelezo: 52 ni Java 8, 65 ni Java 21. Seva ile inatumia Java 8 kwa sababu OpenMRS iliyowekwa pale inaitaka hiyo. Kifurushi cha zamani? Nilikuwa nimekifuta, na kwenye laptopu mpya hakikuwepo.

"Kijana wangu," mama wa rekodi akaniambia, "Ijumaa ilikuwa inafanya kazi."

"Ndiyo Mama, lakini nimeiboresha."

"Umeboresha nini sasa?"

Sikuwa na jibu. Alifungua kabati, akatoa rejista za karatasi, akaanza kutafuta jina moja moja. Saa nane mchana wahudumu waliondoka na orodha ambayo haikufika hata nusu. Watu ambao hawakuwemo ndani yake ni watu waliokosa dawa, na hakuna aliyewabishia hodi siku ile. Nilirudi Lurambi kwa miguu.

Njiani nilipita kwenye posho mili, ndipo nikaelewa kosa langu vizuri. Ukipeleka gorogoro mbili za mahindi na mwenye kinu amebadilisha chekeche, unga utakuwa mwingine kabisa, na nyumbani utaulizwa umeleta nini. Mahindi ni yaleyale. Sisi wa programu huria tunapenda kusema "msimbo uko wazi, jijengee mwenyewe", kisha hatusemi tuliusaga kwa kinu gani.

Basi hivi ndivyo nilivyotengeneza, huenda ikamsaidia mtu.

Kwanza, niliweka Java 8 kando ya Java 21. Hifadhi za Ubuntu 24.04 bado zinayo. Kigezo cha JAVA_HOME ndicho kinachochagua ipi itumike kwa mradi huu.

Pili, kwenye pom.xml nikaandika 8. Mtu atauliza, si Java 21 inaweza kutoa faili za Java 8? Inaweza. Lakini kwa mipangilio ya kizamani ya source na target, kompaila bado huangalia maktaba za Java 21, kwa hiyo unaweza kuita kitu ambacho Java 8 haina, kikajengeka kimya kimya na kuja kufia kwa mteja. Mpangilio wa release, uliokuja na Java 9, huziba tundu hilo. Kwangu mimi majaribio yenyewe yalitaka Java 8, kwa hiyo sikuwa na njia ya mkato.

Tatu, nikaongeza Maven Wrapper. Ni skripti ya mvnw na faili ndogo inayotaja toleo la Maven. Atakayeuchukua mradi huu kesho atapata Maven ileile ninayotumia mimi.

Nne, nikaweka maven-enforcer-plugin na sharti moja: kama Java si 8, simama kabla ya kujenga. Ujumbe wake nimeuandika kwa Kiswahili.

Tano, sifuti tena kifurushi kinachofanya kazi mpaka kipya kithibitike.

Jumanne mchana nilirudi kituoni. Safari hii nilijaribu kwanza kwenye mashine yangu yenye Java 8, majaribio yote yakapita. Iliwaka. Orodha ikatoka na safu ya kijiji, na wahudumu wakaitwa warudi kuichukua, siku moja kuchelewa.

Jumatatu iliyofuata nilipita tena kuhakikisha. Mama alichapisha orodha, akahesabu majina kwa kalamu, kisha akaniangalia juu ya miwani. "Leo umeboresha nini?"

"Leo sijaboresha kitu, Mama."

"Vizuri. Keti unywe chai."

Haya wasomaji, tukutane tena. Na kabla hujaboresha laptopu yako, andika mahali matoleo ya zana zako.