Tikiti Moja na Tikiti Tatu

Anunuaye tikiti hudhani kuwa amenunua kiti. Hesabu yake huishia hapo: kiti ni kimoja, nauli ni kiasi fulani, na mwenye kuuza kwa bei ndogo ndiye mwuzaji mwema. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo kwa miaka mingi, wala sikuliona kosa lake, mpaka safari mbili za Ziwa Nyasa ziliponifundisha kuwa kiti ni sehemu ndogo ya kile msafiri anunuacho. Sehemu kubwa haiandikwi katika tikiti. Nayo ni jibu la swali hili: njia ikiharibika, hasara ni ya nani?

Mama yangu ni Mkisi. Alizaliwa katika kijiji kidogo cha mwambao, kaskazini ya Lupingu, mahali ambapo Milima ya Livingstone hushuka wima hata majini, ikawaachia watu ukanda mwembamba tu wa kujenga nyumba na kuanika usipa. Wanaume wa huko ni wavuvi, na wanawake ni wafinyanzi; vyungu vyao hupakiwa katika mitumbwi vikauzwe Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo hupanda milima hata Tukuyu na Mbeya. Baba, ambaye alikuwa Mhehe, alimleta Iringa akiwa bado msichana. Huku juu mama alizoea baridi, akazoea na kujibu kamwene, akazaa, akazeeka. Lakini dada yake wa pekee alibaki ufukweni akifinyanga, na katika miaka yote hiyo walionana mara chache za kuhesabika kwa vidole.

Desemba 2021 habari ilitufikia kuwa mama mkubwa ni mgonjwa wa kitandani, na kwamba kila jioni alikuwa akimwuliza mdogo wake. Mama hakusema mengi. Alifunga kanga zake katika mfuko, akakaa kitini akinitazama, kama mtu aliyekwisha kufika kituoni.

Njia yetu ilikuwa ya vipande vitatu. Kwanza basi kutoka Iringa hata Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa kupitia Mafinga na Makambako. Pili gari la kuteremka Tukuyu hata Kyela. Tatu meli ya kutushusha Lupingu, na kutoka hapo mtumbwi wa kufuata ufuko. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepata MV Mbeya II, meli iliyoundwa papo hapo katika bandari ya Itungi, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Lakini meli si basi. Haiondoki kila asubuhi, na aikosaye hungoja siku, si saa.

Palikuwa na wakala mmoja mjini Mbeya aliyeuza safari nzima kwa tikiti moja. Ulimlipa yeye, naye akakupokea stendi, akakulaza, akakushusha Kyela kwa gari lake na kukukabidhi melini. Kwa sisi wawili alitaka shilingi 80,000 zaidi ya jumla ya nauli tatu nilizozijua. Nilimcheka moyoni. Nilijiambia kuwa mimi ni mtu niliyesoma, ninazijua njia, nina simu na miguu. Kwa nini nimlipe mtu mwingine kwa kunishika mkono? Kuna methali isemayo kuwa rahisi haikosi ila na ghali haikosi sababu. Ila ya rahisi yangu sikuitafuta, na sababu ya ghali yake sikuiuliza.

Tulitoka Iringa alfajiri, siku moja kabla ya meli. Kabla ya Makambako lori lilikuwa limepinduka, likaiziba barabara yote. Tulikaa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri, tukila mahindi ya kuchoma na kuwasikiliza madereva wakishauriana. Jirani yangu katika kiti alikuwa kijana mmoja, mwalimu, aliyekuwa akienda Manda kwa meli ile ile. Yeye alikuwa amenunua tikiti moja kwa wakala. Alipiga simu mara moja, akaeleza habari ya lori, kisha akajifunika koti akalala. Mimi nilipiga simu nyingi, na hapana aliyekuwa na wajibu wa kunisikiliza.

Mbeya tuliingia usiku. Kijana yule alikuta mtu akimngoja stendi mwenye jina lake katika karatasi. Mimi na mama tulitafuta chumba katika manyunyu. Asubuhi tuliamka mapema, tukapanda basi dogo la Kyela. Lakini basi dogo haliondoki mpaka lijae. Kondakta alituhakikishia kuwa bado abiria wawili. Wawili walipoingia, wakabaki wengine wawili. Gari la wakala lilipita mbele yetu likiwa na watu watatu tu na viti vitupu, kwa kuwa mwenye gari hakuwa akiuza viti. Alikuwa amekwisha kuuza kufika.

Tulipofika bandarini meli ilikuwa imekwisha kung'oa nanga, nayo juu ya maji ilionekana ndogo kama kijahazi cha kuchezea watoto. Siilaumu. Iliondoka kwa saa yake, na aliyeondoka kwa saa yake hana deni kwa aliyechelewa. Simlaumu hata kondakta. Kila mmoja wa watu watatu niliowalipa alitimiza alichoniuzia: wa basi alinifikisha Mbeya, wa gari alinifikisha Kyela, na wa meli alikuwa tayari kunichukua. Kilichovunjika kilikuwa katikati yao, na katikati ile haikuwa ya mtu yeyote ila mimi.

Tulikwenda Matema kutafuta boti. Ziwa lilikuwa limechafuka, na wenye boti walikataa, nao walikuwa na haki. Siku ya nne mawimbi yalitulia, tukavuka. Mama mkubwa alikuwa hai. Alifumbua macho, akamtazama mama kwa muda mrefu, akamshika kidole. Lakini ulimi ulikuwa umefunga tangu juzi yake. Jirani aliyekuwa akimwuguza alituambia, 'Alikuwa na neno lako, dada. Tulimwambia atuachie sisi tulifikishe, akakataa. Alisema atalisema mwenyewe.' Alifariki Januari, nalo neno likaenda naye.

Mama hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu, tulipokuwa tukirudi, 'Mwanangu, yule kijana wa katika basi alilipa ngapi?' Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, akageuka kutazama dirishani, wala tangu siku hiyo hajalirudia swali lile.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya shilingi 80,000. Wakala hakuwa na uwezo wa kuliondoa lori barabarani kuliko mimi. Alichokuwa nacho ni wingi. Kwa mwaka huwapitisha abiria wengi. Wengi wao hufika bila shida, na kile walipacho zaidi hukusanyika kikawa akiba ya kumwokoa mmoja aliyezibiwa njia. Kwake yeye gari kuondoka na viti vitupu siku moja ni hasara ndogo katika mapato mengi. Kwangu mimi, mwenye safari moja na mama mmoja, hasara ile haikuwa na mapato ya kuifidia. Kwa hiyo nilipojivunia kuwa nimeokoa fedha, kwa kweli nilikuwa nimeingia katika biashara ya hatari bila mtaji.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Tangu mwaka 1948 Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya mkono mmoja. Mbali na magarimoshi, shirika lilikuwa na mabasi yaliyoziunganisha Iringa na Mbeya na reli ya kati, na lilikuwa na meli katika maziwa. Hata MV Liemba ya Tanganyika, ambayo Wajerumani waliiunga Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ilikuwa yake. Mwenye kumiliki basi, garimoshi na meli kwa pamoja hawezi kumwambia abiria kuwa kuchelewa kwa basi si habari ya meli, maana mfuko ni mmoja. Mwaka 1969 reli na bandari zilitenganishwa, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikachukua chake. Tukapata washindani, na washindani wakapunguza nauli mahali pengi. Lakini zile nafasi za katikati, baina ya chombo na chombo, zikakosa mwenyewe. Ndipo alipotokea wakala, na ndipo alipotokea mpiga debe.

Walio matajiri kuliko sisi nao hujikwaa katika jiwe hilo hilo. Mwishoni mwa Machi 2024, meli ya starehe iitwayo Norwegian Dawn, iliyokuwa ikitoka Cape Town kwenda Barcelona, ilitia nanga katika kisiwa cha São Tomé. Abiria wanane, sita wa Marekani na wawili wa Australia, walishuka kutembea na mwongozaji waliyejitafutia, si kwa matembezi yaliyouzwa na meli. Walichelewa. Walifika pwani wakaiona meli ingali imetia nanga, wasiruhusiwe kupanda. Iliondoka, nao wakaifuata nchi baada ya nchi. Walipofika Gambia meli ikashindwa kuingia bandarini, na hatimaye waliipata Dakar. Sheria ya meli hizo inajulikana: anunuaye matembezi kwa mwenye meli hungojewa, au hufikishwa kwa gharama ya mwenye meli, ajinunuliaye pwani hulipa kidogo, huona mengi apendayo, na saa ni yake mwenyewe. Niliposoma habari ile sikuwacheka. Niliiona barabara ya Makambako.

Walakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapa, nikamwacha msomaji akiamini kuwa tikiti moja haina machungu. Juni 2022 tulirudi kumjengea mama mkubwa kaburi. Ulikuwa wakati wa mwera, upepo utishao kila mwenye chombo kidogo katika ziwa lile, na safari hii sikubahatisha; nilimlipa wakala yote aliyotaka. Kila kitu kilikwenda kama saa. Tulipokewa, tukalazwa, tukaamshwa.

Tukuyu mama alikuwa na rafiki yake, bibi mmoja aliyekuwa mwenzi wa dada yake tangu usichana. Walikuwa wamezungumza kwa simu, naye alikuwa amesema atangoja kando ya barabara. Akiona nafasi atakwenda nasi kaburini, asipoona atatupa mkungu wa ndizi na salamu za marehemu. Nilimwomba dereva asimame. Alinijibu kwa adabu, 'Kaka, mimi nimekabidhiwa watu na saa. Nikisimama kwa mmoja, nitasimama kwa wote.' Nilimwambia kiti kimoja kilikuwa kitupu. Akasema kiti si changu. Naye alisema kweli.

Tulimwona bibi yule kabla hajatuona. Alikuwa amevaa kanga nzuri, na mkungu ulikuwa chini karibu na miguu yake, na kifurushi kidogo cha safari mkononi. Mama alipunga mkono dirishani. Bibi akauinua wake, akidhani gari linapunguza mwendo. Halikupunguza. Melini tulifika mapema, tukakaa saa mbili nzima tukitazama makuli wakipakia saruji.

Hapo nilielewa upande wa pili wa mizani. Mwenye kukubebea hatari hukubebea na hiari. Hawezi kukuhakikishia saa, kisha akakuachia saa hiyo uichezee. Ukitaka kusimama kwa rafiki, kula ulipopapenda, kugeuza nia, huna budi ushike njia mwenyewe na kuyalipa makosa yake mwenyewe. Uhuru na usalama havikai katika tikiti moja. Kila ukiongeza hiki, karani hupunguza kile, ingawa hakuambii.

Wanafunzi wangu hunijia kila likizo wakitaka shauri la safari. Huniuliza lipi rahisi, kujipangia au kumwachia mtu. Mimi nami huwauliza: kinakungoja nini huko uendako? Kama ni kitu kinachoweza kungoja, kama vile ndugu mzima, mlima, au soko la Jumamosi, jipangie mwenyewe, uache nafasi ya kupotea kidogo, maana katika kupotea kuna mengi ya kuona. Kama ni kitu kisichongoja, kama vile mgonjwa, mtihani, au chombo kiondokacho kwa saa yake, nunua mkono utakaobeba kuchelewa kwako. Na kama huna fedha ya mkono huo, nunua siku. Lala karibu na bandari usiku mbili kabla. Siku ni bima ya maskini.

Juzi mama alisema anataka kwenda tena kulifyeka kaburi la dada yake. Nilimwuliza tusafiri vipi, nikamweleza yote niliyokwisha kuyaandika hapa, kwa urefu wa mtu ajionaye mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Tutashuka Tukuyu kwanza, tulale kwa mwenzangu siku mbili, tumchukue na ndizi zake. Tukifika Kyela, ndipo utununulie ile tikiti moja. Mwaka huu sisi ni watatu.'