Luku ya Jengo Analipa Nani? Barua ya Mjomba kwa Mpwa

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu,

Kaskazi imeanza kuchoma, na mama yako kila siku anaulizia kama huko Dar unakula vizuri.

Mjomba amesikia kwamba kampuni inayomwajiri binti yetu, yaani wewe mwenyewe, yenye ofisi za kupangisha, fremu za maduka na maghala, imempa kazi ya kusimamia uendelevu. Amesikia pia kwamba agizo la kwanza la mkurugenzi ni bango la kijani pale mapokezi. Bango halina ubaya. Ila mtu aliyekusanya kodi za majengo ya watu nusu ya umri wake akiliona bango la namna hiyo huuliza kwanza: Luku ya jengo analipa nani?

Swali hilo linabeba karibu kazi yote ya binti. Anayenunua viyoyozi ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye jengo huchukua kiyoyozi cha bei rahisi, kwa kuwa ulafi wake utasomeka kwenye mita ya mtu mwingine. Mpangaji naye hawezi kubadilisha dirisha wala kupaka bati rangi nyeupe. Jengo si lake na mkataba wake ni wa miaka miwili. Wote wawili wana akili timamu, na umeme unapotea vilevile. Hali huwa mbaya zaidi kwenye jengo lenye mita moja, ambako bili hugawanywa kwa ukubwa wa chumba. Hapo muuza vitabu anayefungua madirisha yake apate upepo humlipia jirani aliyeweka kiyoyozi nyuzi 16, mlango wazi, karani wake amevaa sweta. Sweta, Tanga, mwezi wa pili!

Mji wetu wa Tanga una ushahidi wa jinsi jengo linavyoumia pale mwenye nalo na mkaaji wanapokuwa mbali. Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, na majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Tanga ilikuwa imejengwa kwa fedha za mkonge na biashara, kwa hiyo iliguswa sana. Siasa ya uamuzi ule ina mjadala wake. Kinachomhusu binti kiko juu ya paa: kodi ilidhibitiwa kwa sheria, mwenye jengo alikuwa ofisi ya mbali, na mpangaji hakujua kesho yake. Gata likitoboka kila mmoja alimtazama mwenzake. Kuta zikaota kijani.

Na bado majengo yaleyale, yaliyochakaa namna hiyo, yana jambo la kuwafundisha wenye majengo ya vioo. Binti atembee katikati ya mji saa nane mchana. Kibaraza kimefunika njia ya miguu, jua haligusi ukuta wa duka, dari iko juu, madirisha ni ya vibao vinavyopitisha upepo na kuzuia mwanga. Waliojenga vile hawakuwa na Luku ya kuitegemea. Ofisi mpya inayotazama magharibi kwa ukuta mzima wa kioo huanza kuungua saa tisa, na wapangaji wake hubandika makaratasi kwenye hicho kioo kilicholipiwa ghali. Mjomba ameyaona makaratasi hayo, mengine ni kalenda za miaka ya nyuma.

Binti ataambiwa aige Nairobi. Aige kwa uangalifu. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulifungua Gigiri jengo la ofisi za watu 1,200 hivi, lenye paneli za jua juu ya paa na hewa inayojiendesha yenyewe. Harare kuna Eastgate la mwaka 1996, kazi ya msanifu Mick Pearce, linalopoza zege lake kwa hewa ya usiku. Ni majengo ya kusifiwa, lakini yote mawili yako kwenye nyanda za juu, ambako usiku watu hujifunika blanketi. Tanga usiku wa kaskazi hauna ubaridi wa kuweka akiba. Pwani inategemea kivuli na upepo, halafu kiyoyozi kizuri kwa saa zilizobaki. Cha kuchukua Nairobi ni kile cha jengo la maduka la Garden City, ambako mwaka 2015 waliezeka maegesho ya magari kwa paneli za kilowati 858. Paneli zilezile zinatoa umeme na kivuli, na jua la Tanga linataka vyote viwili.

Vyeti navyo vipo. Kile cha EDGE, cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kinadai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 upande wa vifaa vya ujenzi. Kampuni ya Acorn ya Kenya ilikiambatanisha na hosteli zake za wanafunzi na mwaka 2019 ikauza hatifungani ya kijani ya shilingi za Kenya bilioni 4.3. Kwa hiyo cheti kinaleta mtaji, na hilo bodi italielewa upesi. Tatizo ni kwamba hesabu yake hufanywa kabla wapangaji hawajaingia na rimoti zao.

Ndipo mjomba anapotaka kumzungumzia mlinzi.

Kila jengo lina simtanki juu ya paa, na kila simtanki lina boya litakalokatika siku moja. Likikatika, maji humwagika usiku, yanateremka ukutani na kuingia mtaroni mpaka asubuhi. Mlinzi anayasikia. Amekaa chini yake kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, na sauti ya maji anaijua kuliko meneja. Lakini kazi aliyopewa ni geti. Hana namba ya fundi bomba, na akimpigia bosi saa nane usiku kwa ajili ya maji ataulizwa kama amelewa. Kampuni inayotaka uendelevu uwe tabia yake ianze na daftari la mlinzi: asome mita ya maji akiingia zamu, asome akitoka, na namba ya fundi ibandikwe getini. Mita ikizunguka usiku jengo likiwa tupu, kuna kinachovuja. Mhasibu apate usomaji huo wa mita kila mwezi, kando ya makusanyo ya kodi, katika jedwali lilelile.

Ni jedwali lilelile kwa makusudi. Mambo ya mazingira yakiwekewa ripoti yake pembeni husomwa siku ya mazingira. Wenye mkonge walijifunza hili kwa kuchelewa. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kwa miongo mingi kilichobaki kilioshwa na kutupwa, kikanuka, kikaishia mitoni. Mwaka 2008, kwa msaada wa UNIDO na wenzao, kampuni ya mkonge ya Katani ilizindua huko Hale mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na gesi ya mabaki hayo, wa kilowati 150. Siku mabaki yalipoingia kwenye hesabu za shamba ndipo yalipopata mtu wa kuyashughulikia.

Mamlaka ya Maji Tanga ni mfano mwingine wa mazingira kuingia kwenye hesabu. Mapema mwaka 2024 ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani ya miaka 10, riba asilimia 13.5, na wanunuzi wakavuka kiwango. Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, na hali ya kingo za mto kule juu inamhusu anayefungua bomba huku chini. Jengo la biashara nalo lina mto wake: mtaro wa mtaa, dampo, barabara wanayopita wafanyakazi kwa baiskeli na kukosa pa kuzifunga. Katika mji wa baiskeli kama huu, jengo lenye nafasi 60 za magari na hakuna hata chuma kimoja cha kufungia baiskeli linamshangaza mjomba.

Biashara inakuja, hilo halina ubishi. Bandari ya Tanga imechimbwa kufikia kina cha mita 13, na Chongoleani, hapahapa kwetu, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wakubwa wa kampuni watataka kubomoa na kujenga. Binti awakumbushe kwamba saruji, hata hii ya Pongwe ya hapa nyumbani, hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na kwamba viwanda vya saruji hutoa takriban asilimia 7 ya hewa ukaa ya dunia. Jengo la zamani lenye kuta imara lihesabiwe kwanza gharama ya kulikarabati, ndipo aitwe mtu wa katapila.

Sasa mkataba wa pango. Uingereza na Australia wameshazoea mikataba inayomfunga mwenye jengo pamoja na mpangaji: mmoja anaweka madirisha na viyoyozi bora, mwingine anachangia kutokana na anachookoa kwenye bili, na wote wanaonyeshana bili zao. Kwa hapa, vianze vipengele vichache. Kila fremu iwe na mita ndogo yake. Mafundi wa mpangaji wasitoboe paa bila kibali. Taarifa ya matengenezo ijibiwe ndani ya siku zilizotajwa. Na dalali anayelipwa kwa kujaza vyumba aongezewe kitu mpangaji anapoongeza mkataba, maana mpangaji anayekaa miaka 10 ndiye atakayekubali kuchangia dirisha.

Mkurugenzi huenda akasema wapangaji watakimbia. Mpe jengo moja la majaribio, dogo, lenye wapangaji wenye lugha nzuri, na mwaka mmoja wa bili za kulinganisha. Ukija likizo usisahau nakala ya mkataba mnaoutumia sasa. Tutausoma kipengele kwa kipengele, na kalamu nyekundu ninayo. Mama yako anasema uje pia na mchele, huu wa hapa umepanda bei.

Wasalaam,
Mjomba