Mistari Miwili

Mistari miwili ilipojitokeza kwa mara ya tatu kwenye kibao kile cha plastiki, katika kliniki moja mjini Machakos, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliuliza: "Mwanangu, damu hii yasema vijidudu wamo, au walikuwamo?"

Kijana wa maabara alinyamaza. Tayari mama yule alikwisha kumeza dozi mbili za siku 14, na mbuzi wawili walikuwa wameuzwa. Hata muthokoi alikuwa ameuacha.

Swali lake lilikuwa na uzito. Helikobakta pailori, bakteria aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobeli mwaka 2005, huufanya mwili uunde kingamwili. Kipimo cha haraka cha damu husaka kingamwili hizo, wala si bakteria mwenyewe. Nazo huweza kudumu miezi, hata miaka, baada ya bakteria kuangamizwa. Kipimo hicho, basi, hakitenganishi -li- na -na-, kosa ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu katika daftari la kidato cha kwanza.

Hatimaye alipimwa choo, kipimo kinachomtafuta bakteria aliyepo, baada ya kuacha dawa ya asidi kwa majuma mawili. Hakupatikana kitu. Ndipo daktari alipouliza juu ya dawa nyingine. Kumbe kila alfajiri mama alimeza vidonge vya maumivu ya magoti, tumbo likiwa tupu. Na vidonge vya aina ile huweza kuchubua utando wa tumbo. Vilikuwa mkobani mwake mara zote tatu alizotobolewa kidole.