Mgeni Aliyeshindwa Kushika Jembe

Nyumbani kwetu ni Mbugangari, mjini Gisenyi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mpaka tunaouita Petite Barrière. Kila asubuhi mama hubeba nyanya na vitunguu, hupanga foleni, huvuka kwenda Goma, na jioni hurudi. Kwa hiyo tangu utotoni nimejua kwamba mtu anaweza kulala nchi moja na kutafuta riziki nchi nyingine. Sikujua hali inakuwaje mtu huyo akiugua huko alikokwenda kutafuta riziki.

Mama mdogo alizaliwa Goma, akasomea uuguzi, kisha akapata kazi Ubelgiji katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na kadi moja iliyomruhusu kuishi na kufanya kazi kwa pamoja. Mwaka wa tatu figo zake zilishindwa. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara karibu saa nne. Mwanzoni hakuogopa sana. Mkataba wake ulikuwa hai, na mfuko wa bima ya ugonjwa ulimlipia. Wabelgiji wanauita mutuelle, neno lilelile ambalo sisi Rwanda tumelifanya mituweli. Kisha mkataba ukaisha, na mgonjwa hakuongezewa mwingine. Kazi ilipoisha, alikuwa na siku 90 tu kabla ruhusa ya kuishi nayo haijaisha.

Darasani tumejifunza methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sote tuliisifu kwamba inafunza kujituma. Usiku aliotupigia simu akilia, niliifikiria upya. Methali haisemi afanyiwe nini mgeni aliyelima miaka mitatu kisha akashindwa kulishika jembe.

Mwanasheria alimweleza njia zake. Angeweza kutafuta mwajiri mwingine, lakini nani angemwajiri muuguzi anayekuwa hospitalini siku tatu za wiki? Angeweza kurudi. Au angeweza kuomba kibali kwa sababu ya ugonjwa, chini ya kifungu cha 9ter cha sheria ya wageni ya Ubelgiji ya tarehe 15 Desemba 1980. Ombi hutumwa kwa barua ya rejista, pamoja na kitambulisho na cheti cha daktari kisichozidi miezi mitatu. Mgonjwa lazima aonyeshe kwamba ugonjwa unahatarisha maisha au mwili wake, au kwamba atapata mateso yasiyo ya kibinadamu, kwa sababu nchi yake haina tiba ya kumfaa.

Nilisoma kesi mbili ili nielewe maneno hayo. Ya kwanza ni ya mama mmoja kutoka Uganda, anayetajwa kwa herufi N tu, aliyeingia Uingereza mwaka 1998 akiwa mahututi kwa UKIMWI. Dawa zilimrudishia nguvu. Lakini tarehe 27 Mei 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa majaji 14 dhidi ya 3, kwamba kumrudisha Uganda hakungevunja haki zake. Kesi ya pili ni ya Paposhvili, mtu wa Georgia aliyekuwa na saratani ya damu akiishi Ubelgiji. Alifariki Juni 2016. Miezi sita baadaye, tarehe 13 Desemba, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba haitoshi kuuliza kama dawa ipo katika nchi ya mgonjwa. Lazima kuulizwe pia kama yeye ataipata: bei ni kiasi gani, hospitali iko umbali gani, ana ndugu wa kumsaidia?

Hapo ndipo kazi iliponifikia mimi. Mwanasheria alitaka barua ya familia ieleze maisha yetu, na nyumbani mimi ndiye ninayeandika. Jirani mmoja alinishauri: "Andika tu kwamba huku hakuna mashine hata moja." Ulikuwa uongo. Kigali watu husafishwa damu, na tangu mwaka 2023 hospitali ya King Faisal hupandikiza figo. Nikaandika ukweli. Kwamba Kigali iko yapata kilomita 150 kutoka kwetu, na safari ingekuwa mara tatu kila wiki. Kwamba gharama ya siku moja inazidi faida ya mama ya mwezi mzima. Kwamba mituweli yetu haina jina la mama mdogo, maana yeye si mkazi wa huku. Kuhusu Goma niliandika tulichokiona kwa macho: mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, mpaka ulifungwa, na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Mtu mwenye afya husubiri mpaka ufunguliwe. Mtu asiye na figo hawezi kusubiri wiki.

Niliisomea familia barua hiyo. Nilipofika kwenye mapato ya mama, alishika ncha ya kitenge chake, akatazama chini. "Ni lazima wazungu wasome na hilo?" aliuliza. Nikasema ndiyo, mama, ni lazima.

Bibi, aliyehamia kwetu baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, hakuipenda barua hata kidogo. Hoja yake haikuwa aibu. "Mnaandika ili mtoto wangu asirudi," alisema. "Kule iko dawa. Huku tuko sisi. Nani amewaambia mtu anaponywa na mashine peke yake?" Sikumjibu. Nilijua kwamba kila sentensi niliyoiandika vizuri ilikuwa inamweka bintiye mbali naye. Niliituma.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba: kibali cha mwaka mmoja, ambacho huombwa tena kila mwaka. Mama mdogo alipiga simu, mama akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Bibi alisubiri kelele zitulie.

"Mwaka moja tu?"

"Ndiyo, bibi. Halafu ataomba tena."

"Na akipona?"

Nikamweleza kwamba hali ya ugonjwa ikibadilika kweli na kwa kudumu, kibali kinaweza kuondolewa.

Bibi alitazama upande wa mpaka. "Basi sisi tumuombe Mungu nini?"

Jioni ile, tulipokusanyika kusali, tulimwomba apone.